Gleason, Mantovani au Mauriat: Albamu Ipi ya Mahaba ya Ala Tupu Ikufae?

Mtu anayetaka muziki wa mahaba usio na mwimbaji, wa okestra kamili yenye fidla tele, hupotea haraka. Akitafuta kwenye simu anakutana na mamia ya albamu zenye majalada ya waridi na mishumaa, nyimbo zilezile zinajirudia, na wapigaji wengine hata majina hawana. Wengi huchukua ya kwanza waliyoiona, wakaichoka baada ya nyimbo tatu, kisha wakaamini kwamba muziki wa aina hii wote ni mmoja. Si mmoja hata kidogo. Nimechagua albamu tatu zilizopendwa sana enzi zake na ambazo bado zinapatikana, nikazipima kwa mizani moja, ili uzijue kabla hujatoa pesa au hujaziweka ukumbini mbele ya wageni.

Ya kwanza ni Music for Lovers Only ya Jackie Gleason, iliyotolewa Marekani na kampuni ya Capitol mwaka 1952. Ya pili ni Film Encores ya Mantovani na okestra yake, kazi ya Decca ya Uingereza ya mwaka 1957. Ya tatu ni Blooming Hits ya Paul Mauriat, Mfaransa, ya mwaka 1967. Kati ya ya kwanza na ya mwisho ni miaka 15 tu, lakini ukizisikiliza kwa mfululizo utadhani zimetoka katika dunia tatu.

Vigezo nilivyotumia

Kigezo kikubwa kwangu ni kimoja: nani anabeba lahani, yaani ule mstari mkuu wa wimbo ambao kwa kawaida huimbwa? Wimbo ukiondolewa mwimbaji, lazima ala fulani ikalie kiti chake, na tabia ya ala hiyo ndiyo itakayokupendeza au kukuchosha. Baada ya hapo nimetazama nyimbo zilizomo, kwa sababu kuna anayetaka nyimbo anazozifahamu na kuna anayetaka hisia tu. Kisha mwendo na hali ya albamu nzima, tangu mwanzo hadi mwisho, kwani albamu ya namna hii huwekwa ikaachwa iende yenyewe. Mwisho, ubora wa rekodi na jinsi inavyotoka kwenye vifaa tulivyonavyo, kuanzia simu hadi santuri.

Kabla ya hayo, maneno machache kuhusu watu wenyewe, maana ukiwajua utaelewa kwa nini kazi zao hazifanani.

Waliozitengeneza

Jackie Gleason alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1916, na Wamarekani walimjua kama mchekeshaji. Kwenye televisheni aliigiza dereva wa basi mwenye hasira za karibu katika The Honeymooners. Hakujua kusoma noti. Lahani na mawazo aliyokuwa nayo kichwani aliwaimbia kwa mdomo wapangaji wa muziki, wale wanaoamua kila ala ipige nini, nao wakayaandika. Wazo lake lilitoka sinema: aliona kwamba mwigizaji mzuri wa sura, akimkaribia mwanamke, daima kuna fidla zinazotokea pasipojulikana na kumsaidia. Mwanamume wa kawaida sebuleni kwake hana fidla. Gleason akaamua kumpatia.

Annunzio Paolo Mantovani alizaliwa Venice mwaka 1905 akahamia Uingereza na wazazi wake angali mtoto. Baba yake alikuwa mpiga fidla aliyewahi kupiga chini ya Toscanini, kiongozi mashuhuri wa okestra, na mwana naye akashika fidla. Huyu ni mwanamuziki wa darasani kweli, aliyezipa nyimbo za mapenzi heshima ileile ya kazi za klasiki. Paul Mauriat, aliyezaliwa Marseille mwaka 1925, alikuwa mpangaji wa muziki studioni. Alifanya kazi na waimbaji wakubwa wa Ufaransa, akiwemo Charles Aznavour, kabla jina lake mwenyewe halijaandikwa kwa herufi kubwa kwenye jalada. Mpangaji wa studio huujua wimbo mpya mapema kuliko wengine, na sikio la Mauriat lilikuwa kwenye redio ya wiki ile.

Nani anabeba lahani

Kwa Gleason, kiti cha mwimbaji kimekaliwa na Bobby Hackett na korneti yake. Korneti ni ndugu wa tarumbeta, ila sauti yake ina mviringo zaidi na makali machache. Hackett haipulizi kwa nguvu. Anacheza chini chini, karibu na maikrofoni, kama mtu anayezungumza na mwenzake mmoja chumbani. Fidla zimetandazwa chini yake kwa noti ndefu, hazishindani naye. Ukisikiliza kwa makini utaona anavyofanya kazi: mara ya kwanza anaufuata wimbo kwa uaminifu, kisha mstari uleule ukirudi anachelewesha noti kidogo, au mwishoni mwa sentensi anatia kikolombwezo kimoja, kifupi, akaacha. Huo ni ufundi wa jazi, na Hackett alitoka huko. Aliwahi kuwa katika bendi ya Glenn Miller, ambako soli yake fupi ndani ya A String of Pearls ilimpa jina. Kwa hiyo katika albamu hii kuna mtu. Unaweza kuisikia pumzi yake. Kwa wasikilizaji wengi hilo ndilo linalotofautisha muziki wa kuburudisha na muziki wa kugusa.

Kwa Mantovani hakuna mtu mmoja. Lahani inabebwa na fidla zote, na hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa kila anayeudharau muziki huu kuwa ni wa lifti alisikilize upya. Mwaka 1951 mpangaji wake, Ronald Binge, aliuandika upya wimbo wa mwaka 1926 uitwao Charmaine kwa mbinu iliyokuja kuwa alama ya Mantovani maisha yake yote. Binge aligawa fidla katika makundi. Kundi la kwanza linapiga noti ya kwanza ya lahani na kuishikilia. Kundi la pili linapiga noti ya pili, nalo linaishikilia, huku ile ya kwanza bado inavuma. La tatu linaingia na yake, kisha zamu inarudi nyuma. Hakuna kundi hata moja linalopiga wimbo mzima. Wimbo unazaliwa kati yao. Na kwa kuwa kila noti inabaki hewani baada ya nyingine kuingia, sikio linapata mwangwi wa jengo kubwa la mawe, ule wa makanisa ya Venice ambao Binge aliuwaza alipokuwa akiitunga mbinu hiyo. Mwangwi huo umeandikwa kwenye karatasi za noti, haukuongezwa na mashine. Wapigaji wanatakiwa wahesabu kwa usahihi mkubwa, maana mmoja akichelewa tu, lahani inapasuka.

Film Encores haitumii mbinu hii kila dakika. Inaiweka pale wimbo unapofika kileleni, na kwingineko fidla zinapiga pamoja kwa sauti nene, au ala nyingine inapewa nafasi fupi.

Msikilizaji aliyekulia taarabu ya Unguja, ile ya Ikhwani Safaa au Culture Musical Club, ana faida hapa, kwani fidla nyingi kwa pamoja si jambo geni kwake. Lakini atasikia tofauti mara moja. Katika taarabu fidla hupiga lahani ileile kwa pamoja, kila mpigaji akiipamba kidogo kwa mkono wake, na ganuni ikijibu. Kwa Mantovani hakuna anayepamba. Kila mmoja anapiga alichoandikiwa, na lahani imekatwa vipande ikagawiwa watu. Uzuri wake ni wa mpango. Baadhi ya wapenzi wa taarabu niwajuao huupenda muziki huu papo hapo, na wengine hulalamika kwamba haupumui. Wote wana hoja.

Mauriat anabadilisha mbebaji kila baada ya muda mfupi. Katika L'amour est bleu, wimbo ulioibeba albamu yake, sauti inayokumbukwa ni ya hapsikodi, ile ala ya kizamani yenye kibodi ambayo nyuzi zake hukwanyuliwa badala ya kugongwa kama za piano. Kila noti inatoka kavu, ina ncha, na inakatika upesi. Kisha fidla zinaingia nyuma yake zikiwa pana na laini, na chini yake kuna ngoma na gitaa la besi la muziki wa vijana wa miaka ile. Kukutanisha ala ya karne ya kumi na nane na mdundo wa 1967 lilikuwa wazo la ujasiri, na bado linasisimua. Asiyependa ni yule anayetaka fidla pekee. Huyo ngoma zitamkera.

Nyimbo zilizomo

Kama unatafuta nyimbo za mapenzi zilizokomaa, ambazo waimbaji wa jazi wamezirudia kizazi baada ya kizazi, Gleason ndiye aliyezikusanya. Mna My Funny Valentine ya Rodgers na Hart ya mwaka 1937, I Only Have Eyes for You ya 1934, I'm in the Mood for Love ya 1935, Body and Soul ya 1930, Alone Together na But Not for Me. Nyingi zilizaliwa kwenye jukwaa la Broadway au sinema za miaka ya 1930, na zilipofika 1952 zilikuwa tayari zimeshaonja ndoa na talaka za watu wazima. Zote ni za mahaba, hakuna iliyoingizwa kujaza nafasi.

Film Encores, kama jina linavyosema, ni ya sinema. Over the Rainbow ya 1939, Laura ya 1944, My Foolish Heart, Unchained Melody ya 1955, Three Coins in the Fountain na Love Is a Many-Splendored Thing, hizi mbili za mwisho zikiwa zilishinda Oscar ya wimbo bora. Jumla ni nyimbo 12. Faida yake ni kwamba mtu asiyejua chochote kuhusu muziki huu atatambua kadhaa, hasa Unchained Melody, ambayo imeimbwa na kuimbwa. Hasara ni kwamba si zote za wapendanao. High Noon ni wimbo wa sinema ya bunduki na farasi. Ni mzuri, ila ukiwa katikati ya chakula na mwenzako unaweza kuhisi mtu mwingine ameingia chumbani. Summertime in Venice, kwa upande mwingine, inapigwa na mtu aliyezaliwa mji huohuo, na mimi huona kwamba hapo okestra inalegea mabega kuliko kwingine kokote kwenye albamu.

Blooming Hits ni nyimbo za mwaka wake: Penny Lane ya Beatles, Somethin' Stupid, There's a Kind of Hush. Lipo jambo zuri la kufuatilia humo. Mwaka 1967 mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya, Eurovision, yalifanyika Vienna, na Uingereza ikashinda kwa Puppet on a String. L'amour est bleu, ulioimbwa na Vicky Leandros kwa niaba ya Luxembourg, ukawa wa nne. Mauriat ameziweka zote mbili katika albamu moja, na huo wa nne ndio uliopaa: mapema mwaka 1968 toleo lake la ala tupu lilishika nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki 5, na albamu nayo ikakaa kileleni wiki 5. Mtunzi wa lahani, André Popp, hakuimbiwa neno hata moja, na bado wimbo ulisikika dunia nzima.

Kuna uzi mwingine unaoziunganisha mbili kati ya hizi. Wimbo wa sinema Limelight ulio kwenye albamu ya Mantovani, na This Is My Song ulio kwenye ya Mauriat, vyote viwili ni utunzi wa Charlie Chaplin. Ukitaka kupima okestra hizi mbili kwa haki, anza na nyimbo hizo. Mtunzi ni yuleyule, na huzuni yake tamu ni ileile, lakini Mantovani anaiacha itiririke, na Mauriat anaipa miguu ya kutembelea.

Mwendo na hali

Hapa nitakuwa mfupi, maana ni rahisi. Gleason ni polepole mwanzo hadi mwisho. Hakuna wimbo unaoruka, hakuna kishindo, sauti haipandi ghafla. Hilo ni makusudi, na ndilo linaloifanya iaminike usiku. Ukiisikiliza mchana ukiwa na kazi, utasinzia au utaona nyimbo zote zimeungana kuwa moja.

Mantovani anapanda na kushuka. Anaanza kwa unong'ono, anafika kilele chenye fidla zote na ala za shaba nyuma, kisha anashuka. Kila wimbo una safari yake, kama sinema zenyewe. Ni muziki unaodai kidogo usikivu wako, na utamu wake ni mwingi. Nyimbo 12 kwa mfululizo zinaweza kumshibisha mtu kupita kiasi. Ningeshauri upande mmoja wa santuri kwa wakati mmoja.

Mauriat ana mwendo wa kutembea. Unaweza kupika nao, kuendesha gari nao, kufagia nao. Ni mchangamfu, na hata nyimbo zake za huzuni zina mdundo unaozuia machozi.

Rekodi, na kile unachosikilizia

Music for Lovers Only ilirekodiwa kwa mono, yaani sauti zote katika mkondo mmoja, kabla stirio yenye mikondo miwili, kushoto na kulia, haijaingia sokoni. Watu wengi hulikimbia neno mono, na hapo hujinyima. Mono iliyorekodiwa vizuri inamweka Hackett katikati kabisa, karibu, na kwa spika moja ya Bluetooth au ya simu hakuna unachopoteza. Cha kuangalia ni kingine: miaka ya 1960 Capitol ilitoa upya rekodi zake nyingi za mono zikiwa zimegeuzwa kuwa stirio ya kubuni, kwa mbinu iliyoitwa Duophonic. Ukiliona neno hilo kwenye jalada la santuri, jua sauti itakuwa imetawanywa na kulowana. Tafuta ya mono. Pia toleo la kwanza lilikuwa santuri ya inchi 10 yenye nyimbo 8 tu, na baadaye likaja la inchi 12 lenye nyimbo zaidi, kwa hiyo soma orodha kabla ya kununua.

Mantovani alikuwa na Decca, na wahandisi wa Decca walisifika duniani kwa kurekodi okestra. Film Encores inapatikana kwa mono na kwa stirio, na hapa, tofauti na kwa Gleason, chukua stirio bila kusita. Makundi ya fidla yanahitaji nafasi ya kutawanyika ili mwangwi ule uusikie ukitoka upande huu kwenda ule. Kwenye simu pekee, nusu ya kazi ya Mantovani inapotea. Fidla za juu zinageuka kuwa mluzi mwembamba. Mpe spika mbili zilizotenganishwa hatua kadhaa, au vifaa vya masikioni vinavyoeleweka. Na kwenye gari lenye kelele, sehemu zake za chini hazisikiki, halafu kilele kinakushtua.

Mauriat anavumilia vifaa vyote. Hapsikodi inapenya hata kwenye spika ndogo ya bajaji, besi na ngoma zinashikilia umbo la wimbo, na sauti haipandi na kushuka mno.

Kuna tahadhari inayowahusu wote watatu. Mtandaoni kuna mikusanyo mingi yenye majina yao ambayo haihusiani na albamu hizi: nyimbo zimechanganywa kutoka miaka mbalimbali, nyingine zimerudiwa kurekodiwa baadaye. Tafuta jina la albamu, si jina la mtu peke yake, kisha linganisha nyimbo.

Kila moja inamfaa nani

Music for Lovers Only inamfaa anayependa jazi lakini mwenzake haipendi, maana humo mna ufundi wa jazi bila fujo yake. Inamfaa mwenye nyumba ndogo na jirani wa karibu. Haimfai anayetaka okestra iwe nyota. Fidla za Gleason ni zulia, na zulia halitazamwi sana.

Film Encores inamfaa anayeketi na kusikiliza. Mtu wa taarabu, mtu wa kwaya, mtu aliyewahi kushika fidla shuleni, atapata humo mambo ya kufuatilia kwa miaka. Inamfaa pia mpenzi wa sinema za zamani. Asiyevumilia utamu mwingi aiache, au aionje kwa vipande.

Blooming Hits inamfaa mtu anayeanza. Pia kijana anayeona fidla ni mambo ya wazee, kwa sababu ngoma zitampokea mlangoni. Anayetafuta ukimya wa usiku na nyimbo za mapenzi matupu hataupata hapa; Penny Lane ni wimbo wa mtaa, wala hauna mpenzi ndani yake.

Na kuna msomaji ambaye kwa Gleason ataona fidla hazitoshi na kwa Mantovani ataona zimezidi. Huyo amjaribu Percy Faith, kiongozi wa okestra mzaliwa wa Toronto aliyefanya kazi zake kubwa na kampuni ya Columbia. Toleo lake la wimbo wa sinema A Summer Place lilikaa nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki 9 mwaka 1960. Fidla zake zina mstari ulionyooka, na mdundo wake ni mwepesi, kati ya Mantovani na Mauriat. Sikumweka katika mizani hii kwa sababu wimbo huo ulivuma wenyewe kama santuri ya wimbo mmoja, na hapa tunalinganisha albamu.

Uchague kwa hali yako

Chakula cha usiku cha watu wawili, taa chini, hakuna haraka: weka Gleason, sauti ya chini kiasi kwamba mnaweza kunong'onezana. Kama mmezoeana miaka mingi na mnapenda kukaa kimya pamoja, Mantovani atawapa cha kusikiliza, ila ruka High Noon.

Harusi, wakati wageni wanakula na MC amepumzika: Mauriat. Ukumbi una vijiko, watoto na viti vinavyoburutwa, na muziki wa polepole sana utamezwa. Ukitaka kuwatambulisha wazazi wa pande zote kwa heshima, tia Unchained Melody au Love Is a Many-Splendored Thing ya Mantovani wanapoingia, kisha rudi kwa Mauriat. Mwambie DJ mapema na umpe mafaili yenyewe, kwani akitafuta mwenyewe atakuletea toleo lenye mwimbaji.

Kazi ya kuandika au kusoma: Gleason kama unaandika usiku, Mauriat kama ni asubuhi. Mantovani atakuita kila anapofika kilele, na utajikuta umeacha kalamu.

Safari ya gari, Dodoma hadi Dar es Salaam au Nairobi hadi Mombasa: Mauriat, bila mjadala mrefu. Gleason kwa dereva aliyechoka ni hatari.

Zawadi kwa mzee nyumbani: muulize kwanza alipenda nini. Akitaja sinema, Film Encores. Akiutaja wimbo Charmaine, basi Film Encores haitamtosha, maana haumo. Mtafutie mkusanyo wa Mantovani ulio nao. Akisema alipenda tarumbeta au bendi za dansi, Gleason.

Na kama unanunua santuri iliyotumika, iwe sokoni au kwa mtu anayehama nyumba, itazame kwenye mwanga kwa kuiinamisha kabla hujalipa. Mauriat huweza kuvumilia mikwaruzo michache, ngoma zake huifunika. Gleason hawezi: katikati ya noti moja ndefu ya Hackett, kila mkwaruzo utausikia, kwa hiyo ya kwake lipia zaidi upate iliyo safi, au iache uisikilize kwenye simu.